Dabi za Shule: Mawe Yakirushwa, Nani Alaumiwe?

Msimu wa gemu ukifika, hii stori hurudi kama deni. Basi la shule limevunjwa vioo. Kijana amefungwa bendeji kichwani. Mechi imekatizwa dakika ya 80, refa amekimbilia gari la polisi, na kuna mtu na simu yake amerekodi kila kitu. Ikifika jioni klipu iko kwa kila grupu ya WhatsApp. Halafu maoni yanaanza. "Watoto wa siku hizi!" "Rudisheni kiboko!" "Hiyo shule ifungwe!" Siku 3 baadaye tumesahau, tunangoja klipu nyingine.

Leo sitaki kubishana kuhusu klipu. Nataka turudi nyuma kidogo, juu hili swali la nani alaumiwe lina historia, na historia yenyewe haisemi vile wakubwa wanapenda isemwe. Hiyo ya "watoto wa siku hizi" ndiyo ya kwanza kuanguka. Watoto wa siku zile walifanya yaleyale, na mabaya zaidi. Na ukichukua ghasia za shule zilizoandikwa vizuri, ufuate kamba mpaka mwisho wake, mara nyingi unaikuta imefungwa kwenye mkono wa mtu mzima.

Sijasema mwanafunzi hana makosa. Nitafika huko. Soma hadi mwisho kwanza kabla hujanishukia.

Mpira uliletwa shuleni kama dawa

Shule ya Maseno ilianzishwa na wamishonari wa CMS mwaka wa 1906. Miaka 2 tu baadaye, 1908, wanafunzi wakagoma. Shida yao? Walitaka kusoma na kuandika zaidi, lakini walikuwa wanasukumiwa kazi nyingi ya mikono. Huo ndio mgomo ambao hutajwa sana kama wa kwanza wa wanafunzi hapa Kenya. Angalia hiyo tarehe tena. Hakukuwa na simu, hakukuwa na TikTok, hakukuwa na "malezi ya kisasa". Wale vijana ni rika la babu wa babu zetu.

Sasa wamishonari na serikali ya kikoloni walikuwa na wazo walilotoka nalo kwao Uingereza. Kule, shule za bweni za karne ya 19 ziliamini kwamba kijana akichoka uwanjani hatakuwa na nguvu ya kusumbua bwenini. Mpira, raga na kriketi zilikuwa njia ya kufundisha utii, ujasiri na kusimama na wenzako. Kwa hivyo shule zilipojengwa huku, tuliletewa kifurushi kizima: nyumba za shule zenye rangi zao, viranja, kapteni, kombe, na shule ya jirani ya kushindana nayo. Hata wewe uliyemaliza juzi ulikuta hicho kifurushi hapo. Haukuuliza kilitoka wapi.

Mtu anayekumbukwa sana kwa hii kazi ni Carey Francis, mwalimu wa hesabu kutoka Cambridge. Alikuja Kenya 1928, akaongoza Maseno mpaka 1940, halafu akaongoza Alliance kuanzia hapo hadi 1962. Alipenda mpira sana. Kwa watu kama yeye, uwanja ulikuwa darasa la tabia: cheza kwa haki, usibishane na refa, ukishindwa peana mkono uende nyumbani.

Upande ule mwingine wa ukuta wa ubaguzi, watoto wa Wazungu walikuwa na shule zao. Prince of Wales ilifunguliwa Kabete mwaka wa 1931, na Duke of York ikafuata 1949. Hizo zilikuwa zinaumizana kwa raga. Leo tunaziita Nairobi School na Lenana. Yaani ukiona hawa wawili wanakutana uwanjani na mashabiki wameshapasuka koo, jua ule ushindani ni mzee kuliko majina ya hizo shule zenyewe.

Tuseme ukweli, hiyo dawa ilifanya kazi kiasi. Wengi wetu tulipata marafiki kwa uwanja kuliko kwa darasa. Lakini dawa ilikuja na sumu kidogo ndani yake. Ili kijana aipende shule yake mpaka machozi, lazima umpe mtu wa kumshinda. Huwezi kumfundisha "sisi" bila kumwonyesha "wao". Carey Francis na wenzake walijua hilo, ndiyo maana mwalimu alisimama pale pale kando ya uwanja. Huku kwetu tulibaki na ushindani, halafu mwalimu wa kusimama pale akapungua.

Jina la shule likageuka mali

Baada ya uhuru shule ziliongezeka kwa kasi, nyingi zikiwa za Harambee, zimejengwa kwa jasho la wazazi. Kila shule ikatafuta njia ya kujulikana. Ya kwanza ilikuwa matokeo ya mtihani. Ya pili ilikuwa gemu.

Uliza mjomba yeyote wa Magharibi kuhusu Kakamega School miaka ya 80. Macho yatang'aa. Green Commandos! Timu ya shule, lakini watu wazima walifunga duka kwenda kuitazama. Kisha kuna Musingu, kuna St. Anthony's Kitale, kuna Kisumu Day, na kila moja ina mashabiki ambao hawajawahi kukaa hata siku moja kwenye madarasa yake. Ngazi yenyewe ni ndefu: zoni, kaunti ndogo, kaunti, mkoa, kitaifa, halafu michezo ya Afrika Mashariki ya FEASSSA. Timu ikifika huko juu, inarudi na jina.

Na jina linalipa. Wazazi wanataka kuleta watoto huko. Mkuu wa shule anaonekana mchapakazi. Mbunge anakuja na fahali wa kuchinjwa na ahadi ya basi jipya, na picha inapigwa. Wazee waliosoma hapo wanatoa pesa ya jezi. Hata kwa mchezaji mwenyewe si mchezo: kuna kijana ambaye karo yake yote inategemea mguu wake wa kushoto. Akishindwa zoni, pengine anarudi nyumbani kabisa. Kwa hivyo usimwambie "ni gemu tu". Kwake si gemu tu.

Hapo ndipo walizaliwa mamluki. Nyote mnawajua. Kijana anatokea shuleni muhula unapoanza, hajulikani kwa darasa lolote, hana hata daftari, lakini anavaa jezi namba 9. Ana ndevu, na fomu inasema ana miaka 17. Wachezaji wanajua. Mashabiki wanajua. Mwalimu wa timu pinzani anajua, lakini hawezi kusema sana juu hata yeye ana wake wawili. Chama cha michezo ya shule za sekondari kimekuwa kikizifungia shule kwa sababu ya wachezaji wasiofaa kucheza, miaka nenda miaka rudi, na bado wapo.

Sasa fikiria uko upande uliofungwa. Umefungwa 1-0 na huyo mzee. Unahisi umeibiwa. Hasira inapanda, na mwishowe kuna mtu anaokota jiwe. Jiwe limetoka kwa mkono wa mwanafunzi, sawa. Lakini ile hasira ilianzia ofisini, pale mtu mzima aliposaini fomu akijua ni ya uongo.

Na lugha yetu pia tuiangalie. Timu zinaitwa makomando na nge. Ijumaa asubuhi paredi, mkuu anasimama mbele anasema, "Msirudi hapa bila kombe." Tunaenda "vitani". Tunaenda "kuwamaliza". Halafu wakimalizana kweli, tunashangaa.

Vile ngumi huanza

Nikiwa kidato cha 2 niliwahi kwenda na basi la mashabiki kwa mechi ya ugenini. Sitaitaja shule, yetu wala yao. Nitawaambia tu vile mambo yalivyopangwa, au vile hayakupangwa.

Uwanja haukuwa na uzio wala hata kamba. Mashabiki wa shule zote mbili tulisimama upande mmoja, tumetenganishwa na miti 2 na mwalimu mmoja. Mmoja, kwa mabasi 2 yetu na shule nzima yao. Nyimbo zilianza vizuri, mchongoano wa kawaida: chakula chao, sweta zao, vile walifeli mtihani wa majaribio. Halafu zikaingia mama. Nyinyi mnajua mchongoano ukiingia mama hakuna kurudi nyuma.

Refa alikuwa mwalimu wa shule ya jirani, na kila mtu wetu alikuwa na hakika kwamba mkewe anafundisha pale tulipokuwa tunacheza. Ilikuwa kweli? Haijalishi. Waliompanga walijua tutasema hivyo. Ikapigwa penalti, ikaingia, na filimbi ya mwisho ikalia muda si mrefu.

Kitu kilichotuumiza hakikuwa ile penalti. Kilikuwa geti. Geti lilikuwa moja, na mtu aliamua kuwafungulia wanafunzi wao wengine kutoka darasani dakika chache kabla ya mechi kuisha. Kwa hivyo basi letu lilipofika getini, lilikuta mamia ya vijana wamejaa pande zote, na waliokuwa uwanjani wanatoka nyuma yetu. Hatukuwa na mbele wala nyuma. Nilipita pale nikiwa chini ya kiti, juu nayapenda macho yangu. Mwenzangu aliyekaa dirishani alishonwa juu ya jicho.

Jumatatu wanafunzi 5 wa shule yetu walitumwa nyumbani. Walichaguliwaje? Waliopatikana na mashati yaliyoraruka. Nimekumbuka hiyo siku mara nyingi, na sijawahi kusikia mtu akiuliza nani alipanga mashabiki wasimame pamoja, nani alimchagua refa, nani alifungua madarasa mapema. Hayo maswali matatu yana majibu, na majibu yake hayavai sare ya shule.

Na hili la geti si la shule peke yake. Tarehe 23 Oktoba 2010, watu 7 walikufa kwa msongamano uwanjani Nyayo siku ya Gor Mahia na AFC Leopards. Umati uliobanwa penye mlango mwembamba ni hatari hata kama hakuna aliyekuja kupigana. Ukiongeza hasira juu yake, sasa jihesabie mwenyewe.

St. Kizito, 1991

Hii sehemu si rahisi. Lakini mtu yeyote anayetaka kuongea kuhusu gemu, wanafunzi na lawama hapa Kenya, lazima apitie Meru.

St. Kizito ilikuwa shule ya sekondari ya bweni ya mseto, huko Tigania. Julai 1991 wavulana walipanga mgomo. Sababu iliyotajwa wakati huo: ada ya michezo haikuwa imelipwa, na shule ikakosa kushiriki mashindano. Yaani moto uliwashwa na gemu. Wasichana waliambiwa wajiunge na mgomo, wakakataa.

Usiku wa Julai 13 wavulana waliwavamia. Wasichana walikuwa wamekimbilia bweni moja, wamejibana humo wakidhani wakiwa wengi watakuwa salama. Mlango ulivunjwa. Wasichana 19 walikufa, wengi wao kwa kukosa hewa na kukanyagwa kwenye ule msongamano. Wengine 71 walibakwa.

Soma hizo namba polepole. Halafu jiulize, hayo yalihusiana vipi na ada ya michezo?

Hayakuhusiana. Ada ya michezo ilikuwa kiberiti tu. Kilichowaka kilikuwa kimekaa pale muda mrefu. Baada ya mauaji, naibu mkuu wa shule alinukuliwa akisema kwamba wavulana hawakukusudia kuwadhuru wasichana, walitaka kuwabaka tu. "Tu." Mtu mzima, mwalimu, mwenye dhamana ya hao wasichana, aliona ubakaji kama kitu kidogo kuliko madhara. Wanaharakati wa haki za wanawake walisema wazi kwamba hapa hatuongelei utovu wa nidhamu, tunaongelea vile wasichana wanavyochukuliwa katika nchi nzima. Lakini stori iliyobaki kwa vichwa vya wengi ni ile nyepesi: wanafunzi waligoma, mambo yakaenda vibaya.

Mimi nilizaliwa miaka mingi baada ya hapo. Nilimaliza sekondari bila mwalimu yeyote kunitajia St. Kizito. Tulifundishwa vita vya Napoleon, hatukufundishwa kuhusu wasichana 19 wa Tigania. Ndiyo maana naandika hii.

Funzo langu kwa hiyo historia ni hili. Ghasia ya gemu haibaki kwa gemu. Inatafuta mtu dhaifu aliye karibu. Wavulana walikuwa na hasira na mkuu wa shule, lakini waliokufa ni wasichana waliokataa kugoma. Hata leo, angalia dabi ikiharibika nani huumia. Mara nyingi si yule anayeimba zaidi. Ni mono aliyeambiwa "lazima uende kushabikia", ni mama wa mahindi choma nje ya geti, ni wasichana waliopita na basi lao wakati mbaya.

Tume baada ya tume

Serikali ilifanya nini? Iliunda tume, bila shaka. Mwaka huohuo wa 1991 kukawa na kamati ya rais iliyoongozwa na Lawrence Sagini, ya kuchunguza machafuko na utovu wa nidhamu shuleni.

Haikuzima moto. Machi 1998, wasichana 26 walikufa Bombolulu kwa moto wa bweni. Mwaka wa 1999, viranja 4 wa Nyeri High waliteketezwa wakiwa wamefungiwa chumbani mwao. Machi 2001, wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos, kwa moto uliowashwa na wanafunzi. Lakini pia mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwanafunzi aliwasha moto, na nani alifunga mlango? Ikaundwa tume nyingine, ya Naomi Wangai. Mwaka wa 2016 shule zaidi ya 100 zilichomwa, ikaundwa nyingine.

Hizo hazikuwa za gemu, najua. Nazitaja kwa sababu mtindo wa lawama ni uleule. Na pia kwa sababu ya wale wa "rudisheni kiboko". Wazee wetu, tulieni hapa kidogo. Kiboko kilipigwa marufuku mwaka wa 2001. St. Kizito ilikuwa 1991. Bombolulu, 1998. Nyeri, 1999. Kiboko kilikuwepo, tena kikitumika vizuri sana. Takwimu za wizara zinazotajwa kila mara zinasema shule zilizokuwa na machafuko zilitoka 22 mwaka wa 1980 zikafika 187 mwaka wa 1990. Hiyo ilikuwa enzi ya kiboko kamili. Kama kiboko kingekuwa suluhisho, hatungekuwa na hii historia.

Tugawe lawama vizuri

Sasa twende kwa mwanafunzi, kama nilivyoahidi.

Ukirusha jiwe, ni wewe umerusha. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawajibiki kwa kosa la jinai, na aliye kati ya hapo na 14 anachukuliwa kuwa hawezi kutofautisha zuri na baya mpaka ithibitishwe kwamba anaweza. Wengi wenu mnaosoma hapa mko sekondari au mmemaliza, mmeshapita hiyo 14. Kwa hivyo usiniambie "tulikuwa wengi". Umati hauna mkono. Jicho la yule mwenzangu lilikaribia kutobolewa na mtu mmoja, mwenye jina, aliyeenda kula saparo kama kawaida.

Na kuna kina sisi ambao haturushi lakini tunashangilia. Kuna kurasa huku mtandaoni zinazopata watazamaji kwa kuwachokoza wanafunzi wiki nzima kabla ya dabi: "Mtakubali kuaibishwa na hawa?" Halafu ghasia ikitokea, kurasa hizohizo ndizo za kwanza kuweka klipu na kilio cha "inasikitisha sana". Hapana, buda. Ulikula kwa ile petroli, sasa unakula kwa moto.

Lakini lawama si mkate wa kugawa vipande sawa. Mwenye uwezo mkubwa wa kuzuia abebe kipande kikubwa. Kijana wa miaka 16 hakuchagua uwanja, hakuchagua refa, hakusajili mamluki, hakupanga mabasi yafike saa ngapi. Kuna mtu analipwa mshahara kufanya hayo. Shule ikipeleka watoto 100 na mwalimu mmoja, hiyo si bahati mbaya. Ni uamuzi.

Na mahakama zetu zimeshaonyesha njia. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wasichana wawili walionajisiwa na mwalimu wao, ikasema Tume ya Walimu, serikali na shule pia wanabeba dhamana, hawawezi kunawa mikono waseme ni kosa la mtu mmoja. Kesi hiyo haikuwa ya gemu, lakini wazo lake naliona linafaa hapa: ukipewa mtoto wa mtu umtunze, umepewa pamoja na hatari zinazoonekana kutoka mbali. Na dabi ya shule ni hatari inayoonekana kutoka mbali sana. Iko kwenye ratiba. Ina tarehe na saa.

Wazazi nao wasijifiche. Kijana hakuzaliwa na chuki ya shule ya ng'ambo ya mto. Alimsikia baba akiitukana mezani tangu akiwa nasari, kwa sababu baba alifungwa nao zamani na hajawahi kupona. Na nyinyi wazee mliosoma hapo, mnaokuja na magari kwa dabi mkiwa mmekunywa, mkiwaambia vijana "wakati wetu hatungekubali": mnatafuta nini kwa mechi ya watoto?

Kabla ya kusema "wafukuzwe"

Wengine husema suluhisho ni kufuta gemu. Mimi sikubali hata kidogo. Kuna vijana na wasichana ambao gemu ndiyo sababu pekee ya kuamka asubuhi kwenda shule. Ukifuta mechi umewaadhibu wachezaji kwa kosa la geti. Na tulishaona mwaka wa 1991 kwamba kukosa gemu pia kunaweza kuwa kiberiti, kama kuni zimeshapangwa.

Ninachotaka ni kidogo sana. Klipu nyingine ikitoka, na itatoka, tuulize kwanza haya, kabla ya kuuliza "hao ni watoto gani":

Walimu walikuwa wangapi kwa mashabiki wangapi?

Mashabiki wa pande mbili walitenganishwa na nini?

Nani alimchagua refa, na timu zote zilikubali?

Je, kuna mchezaji aliyelalamikiwa kabla ya mechi, na malalamiko yalijibiwa?

Wageni walipewa muda na njia ya kuondoka kabla wenyeji hawajafunguliwa?

Mkuu wa shule alisema nini paredi ile Ijumaa?

Majibu yakipatikana, basi kila mtu aitwe kwa jina lake. Aliyerusha jiwe aitwe na wazazi wake, alipe kioo, aombe msamaha kwa aliyemuumiza ana kwa ana, na kama ni jinai aende mahali pa jinai. Lakini siku hiyohiyo, kwenye meza hiyohiyo, aitwe pia aliyesaini fomu ya mamluki na aliyefungua madarasa mapema. Mpaka sasa tumekuwa tukiita upande mmoja tu. Tangu 1908 mpaka leo, karne na zaidi, wanafunzi ndio wanaotumwa nyumbani, na wakubwa ndio wanaoandika ripoti.

Wewe uliyesoma hadi hapa, kama uko shule saa hii na dabi iko wiki ijayo, imba mpaka koo likauke. Wachongoe mpaka walie. Wacha mama zao nje. Na ukiona geti ni moja na mwalimu ni mmoja, enda kwa ofisi mapema, wewe na kapteni, mkaseme. Andikeni kwa karatasi na muweke tarehe. Ikitokea mabaya, angalau siku hiyo hakuna mtu mzima atakayesema hakujua.

Shule yenu na nani ndiyo dabi kubwa, na watu wazima walikuwa wamesimama wapi mara ya mwisho ilipoharibika? Niambie hapo chini. Majina ya watu usiweke. Weka tu vile ilipangwa.